Gunia na Konzi: Nasaha kwa Watu wa Msimu wa Karafuu

Mtu aliyewahi kulala katika nyumba ya mchumaji huku Pemba, usiku ambao karafuu zimekuja nyingi kuliko mikono ya kuzichambua, zikaachwa ndani ya magunia mpaka asubuhi, bila shaka anaijua hali ninayotaka kuianzia: ukitia mkono katikati ya gunia, si juu wala kando bali ndani hasa, hata kiwiko kikazama, hukuta joto kama la uji uliokwisha kuepuliwa kitambo, na mvuke wenye harufu nzito ukakupanda usoni; na hapo mama mwenye nyumba hupiga ukelele, "Zishapata moto hizo!" akawaamsha watoto waje wazitandaze. Wengi hudhani joto lile ni la jua la mchana lililofungika ndani ya gunia. Sivyo. Karafuu iliyochumwa mtini haifi papo hapo. Ni tumba hai la ua, na chembe zake zingali zikivuta hewa na kuila sukari kidogo iliyomo, na kwa kuila huko zinatoa joto, na maji, na hewa ya kaboni. Zikisongamana joto likakosa pa kutokea, joto huzidisha kasi ya ulaji, na ulaji ukazidisha joto, kisha ukungu na vijidudu vikaja kushiriki karamu, na kulipokucha ukaikuta karafuu imepauka na kunyauka, ile iitwayo mpeta, ambayo mnunuzi huitazama mara moja tu akashusha bei.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila mwaka msimu unapokaribia huulizwa swali lile lile kwa sura mbalimbali: mchumaji ale nini apate nguvu? Na jawabu ambalo watu hulitaraji ni jina la chakula, mmoja akitaka kusikia asali, mwingine supu ya pweza, na vijana wa siku hizi wakitaka kuambiwa kinywaji cha kopo. Nami si tabibu, ni mwalimu mstaafu wa elimu ya maumbile, kwa hiyo nitasema katika mipaka ya elimu yangu. Lakini katika mipaka hiyo liko jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba chakula si nguvu. Chakula kilichokwisha kumezwa, kikasagika, sukari yake ikaingia damuni, bado ni gunia lililoshonwa mdomo. Kulifungua gunia hilo kunataka hewa, na damu ya kuichukua hewa, na madini ya chuma, na vitamini, na kusiwepo sumu ya kuzuia. Ikikosekana moja katika hizo, mtu huweza kula sahani mbili za wali akabaki amelegea kama tanga lisilo upepo, na jamaa zake kwa huruma wakampakulia ya tatu.

Mwenye duka huagiza mchele kwa gunia, walakini hakuna mama apikaye gunia. Hupima pishi, na pishi ni vibaba vinne, na mgeni akiingia ghafula huongeza konzi moja au mbili. Chembe za mwili wetu, ambazo kwa udogo wake jicho halizioni, hazina pahala pa kulitua gunia. Lau sukari ingewaka ndani yake kwa mara moja, kama inavyowaka ukiimwaga motoni, joto lingeziunguza chembe zenyewe na kazi isifanyike. Ndipo kwa hikima yake Mola ikawa sukari huvunjwa hatua kwa hatua, kila hatua na kimeng'enya chake, na faida ya kila hatua hutiwa katika vipimo vidogo vilivyo sawasawa, ambavyo kimoja kinatosha kuvuta uzi mmoja wa msuli mvuto mmoja na basi. Kipimo hicho ni adenosini trifosfeti, ambayo Karl Lohmann aliitambua katika msuli huko Ujerumani mwaka 1929, na wataalamu wakaifupisha kuwa ATP; mimi nitaiita konzi, maana ndiyo sifa yake, hujaa mkononi na kumwagwa papo hapo. Mtu mzima hana mwilini mwake, kwa wakati wowote mmoja, illa makumi machache ya gramu za kitu hicho. Lakini kwa namna kinavyovunjwa na kuundwa upya bila kusita, jumla ya kilichopita katika siku moja ikipimwa hukaribia uzito wa mwenyewe. Mchumaji wa kilo 60 amefinyanga na kumwaga konzi za kilo 60, na jioni akipanda mizanini uzito wake ni ule ule.

Kazi ya kufungua gunia ina vyumba viwili. Katika chumba cha nje, kisichohitaji hewa, sukari ya glukosi hukatwa vipande viwili, na faida yake ni konzi 2 tu. Vipande hivyo vikiingia chumba cha ndani, yaani katika vile vidude viitwavyo mitokondria ambavyo hujaa kwa mamia na maelfu katika chembe yenye kazi nyingi, na hewa ya oksijeni ikiwapo, faida hupanda hata kufikia konzi 30 hivi kwa glukosi moja. Vitabu tulivyosomeshea vikiandika 36 au 38, hesabu ambayo wataalamu wameipunguza baadaye. Aliyetueleza mzunguko wa kazi katika chumba hicho ni Hans Krebs, tabibu aliyefukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933 kwa kuwa ni Myahudi, akahamia Uingereza, na mwaka 1937, akiwa Sheffield, akayatambua mambo hayo kwa kusaga nyama ya kifua cha njiwa. Jarida la Nature likamrudishia karatasi zake kwa kisa cha kujaa makala, naye akazichapisha kwingine, hata mwaka 1953 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Fritz Lipmann.

Kwa nini njiwa? Swali hili mama yeyote aliyewahi kumchinja njiwa na kuku siku moja anaweza kulijibu akitazama chunguni. Kifua cha kuku ni cheupe, na cha njiwa ni chekundu kama ini. Kuku haruki ila kwa kushtuka, mara moja akatua, na kwa kuruka huko kufupi chumba cha nje kinamtosha. Njiwa huruka masafa, na msuli wake umejaa mitokondria na wekundu wenye kuhifadhi hewa. Tazama tena paja la kuku huyo huyo: limekoza rangi kuliko kifua, kwa kuwa kutwa nzima anatembea na kuparura.

Namna chumba cha ndani kinavyozijaza konzi ilibaki fumbo hata mwaka 1961, alipotokea Mwingereza Peter Mitchell na rai ambayo wenzake wengi waliikataa kwa miaka, mpaka mwaka 1978 akatunukiwa Nobel kwa rai hiyo hiyo. Mvuvi wa uzio angemfahamu upesi. Bahari ikijaa maji huingia nyuma ya uzio, na inapokupwa hutaka kutoka, na ukiyaachia upenyo mwembamba hupita kwa nguvu ya kuweza kusukuma kitu. Ndani ya mitokondria nguvu ya chakula hutumika kusukuma chembechembe za haidrojeni upande mmoja wa utando. Nazo zikitaka kurudi hupita katika upenyo wenye gurudumu dogo mno, na gurudumu likizunguka hufinyanga konzi. Oksijeni tunayoivuta kazi yake ni kusimama mwisho wa njia na kuzipokea zilizokwisha kazi, ikaungana nazo zikawa maji. Hewa ikikosekana pale mwisho, foleni husimama mpaka mwanzo.

Hata hivyo gurudumu hilo halizuii upotevu. Katika nguvu yote iliyomo chakulani, kiasi cha sehemu nne katika kumi ndiyo inayotiwa katika konzi, na iliyobaki hutoka kuwa joto. Jasho linalomtiririka mchumaji na lile vuguvugu la gunia la karafuu ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa tupande mtini. Mkarafuu mkubwa hufika futi 40 na zaidi, na kijana mwenye haraka, kwa kuwa analipwa kwa pishi, huupanda kwa mbio. Konzi zilizo tayari msulini humtosha kwa nukta mbili tatu, na akiba nyingine ya karibu yake humfikisha nukta kumi hivi. Baada ya hapo, kwa kuwa moyo na mapafu havijawahi kuongeza kasi, chumba cha nje ndicho kinachobeba mzigo, kikitumia sukari nyingi kwa faida haba na kumwaga asidi laktiki. Miguu huanza kutetemeka, na kutetemeka juu ya tawi la mkarafuu, ambalo ni maarufu kwa kukatika ghafula, si jambo la kucheza nalo. Nasaha yangu ni kwamba mtu apande kama wazee wapandavyo ngazi za msikiti, aanze na miti ya chini kwa robo saa mwili upate moto, na kila akifika panda nzuri asimame, mkono umezungushwa kwenye shina, mpaka pumzi itulie. Huko si uvivu. Ile pumzi ya kasi inayoendelea baada ya mtu kushuka na kuketi ni deni linalolipwa, na anayepanda mti wa pili kabla ya kulilipa la kwanza hupanda na deni juu ya deni. Amma maumivu ya kesho yake, ambayo watu huyasingizia asidi hiyo, hayatokani nayo, kwani huondoka msulini ndani ya saa moja au mbili. Ni michubuko midogo ya nyuzi za msuli usiozoea, na dawa yake ni kazi nyepesi na usingizi.

Nisisahau kwamba kazi isiyohitaji hewa tunaila kila tunapokula mkate wa kumimina. Ule uji wa mchele na tui tuliotia hamira tukaufunika, ukiutazama baada ya saa nzima unatoa mapovu, moja hapa, moja pale, kama jungu linalotaka kuchemka ilhali halina moto chini yake. Hamira ni chembe hai, na zinapokosa hewa huvunja sukari nusu njia, zikatoa hewa ya kaboni inayouinua mkate na ulevi kidogo unaotoweka kwa moto. Lakini turudi kwenye chakula cha mchumaji.

Kosa kubwa nilionalo ni kwenda shamba na kikombe cha chai kilichotiwa sukari vijiko vitano na kipande cha mkate mweupe. Damu yote ya mtu mzima, akiwa hajala, ina sukari kiasi cha gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwili huilinda sukari hiyo isizidi wala isipungue, na ukiimwagia kwa ghafula hukimbilia kuiondoa, na baada ya saa mbili mtu huweza kusikia njaa na kizunguzungu akiwa juu. Afadhali muhogo wa kuchemsha, au ndizi mbichi zilizopikwa, au boga, na bakuli la mbaazi za nazi, na dagaa wachache. Wanga wa vyakula hivyo hufunguka taratibu, na mafuta ya nazi, ambayo gramu yake ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya sukari, husaidia pale kazi inapokuwa ndefu na ya mwendo mmoja. Mafuta hayana faida katika kazi ya ghafula, kwa kuwa hayawezi kufunguliwa katika chumba cha nje. Yanataka hewa, na yanataka muda. Chukua pia maji, na usingoje kiu.

Msimu ukiangukia Ramadhani mambo hubadilika, lakini si kwa kiasi wanachohofia wengi. Ini huweka akiba ya sukari ya gramu 100 hivi, na misuli gramu 400, ila ya misuli haitoki kwenda kwingine, na ya ini ndiyo inayoulisha ubongo, ambao uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili na ulaji wake, mtu akiwa amepumzika, ni sehemu 20 katika 100. Mtu aliyekula daku akiliwahi kabla ya alfajiri hufika adhuhuri akiba ikiwapo; mwenye kula saa nne za usiku akalala mpaka asubuhi huwa keshaila nusu yake usingizini. Basi daku licheleweshwe kama tulivyofundishwa, liwe la muhogo na kunde badala ya biskuti, na kazi ya kupanda ifanywe asubuhi na kuachwa kabla ya jua la mchana, alasiri ikabaki kuchambua makonyo kivulini. Wakati wa kufuturu tende tatu na maji hufika damuni upesi. Ngoja kidogo kabla ya kuivamia sahani, hata kama mishikaki inakuita. Mwenye maradhi ya sukari, na hasa atumiaye sindano, asifunge wala asiende shamba pasi na kumwuliza tabibu kwanza.

Nimeusifu muhogo, basi sina budi kueleza na hatari yake, kwani iko pale pale kwenye mwisho wa njia nilipoitaja oksijeni. Muhogo mchungu, na majani ya mihogo yote, yana kitu ambacho kikisagwa hutoa sumu ya sianidi, nayo huja kukikalia kiti cha oksijeni. Mtu anavuta hewa, damu yake nyekundu imejaa hewa, na chembe zake haziwezi kuipokea. Katika ukame watu hufupisha matayarisho kwa njaa, na hivyo ndivyo ulivyozuka ugonjwa wa kukakamaa miguu uitwao konzo, usichanganywe na konzi zetu, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji mwaka 1981 na wilayani Tarime mwaka 1985, ukawaacha watu vilema wa maisha. Muhogo wetu wa kawaida wa Pemba ni mtamu, ukimenywa na kuchemshwa unafaa, ila usitafunwe mbichi. Ule mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu hata ulainike, uanikwe kwa jua la kutosha, ndipo usagwe. Na kisamvu kisiwe cha kukatwakatwa kwa kisu na kutiwa chunguni. Kitwangwe barabara, maana kutwanga ndiko kunakoifungua sumu ikatoka, kisha kichemshwe bila kufunikwa. Bibi zetu waliotwanga kisamvu mpaka mchi ukateleza hawakuwa wakitafuta ulaini peke yake. Muhogo na uliwe na samaki, hata kama ni dagaa wa kukaanga, kwa sababu mwili hutumia salfa iliyomo katika nyama ya samaki kuigeuza sumu iliyobaki ikatoka kwa mkojo.

Wali nao una neno lake. Mlango baina ya chumba cha nje na cha ndani haufunguki bila vitamini B1, ambayo hukaa katika ganda jembamba la punje na huondoka mashine inapoung'arisha mchele. Christiaan Eijkman aliyaona hayo Batavia, katika miaka ya 1890, kwa kuku waliolishwa mchele mweupe wakalegea miguu, na waliporudishiwa wenye ganda wakasimama. Sisemi turudi sote kwenye kinu. Nasema mchele usifikichwe maji matano mpaka uwe kama chokaa, na sinia la wali lisitoke bila kunde, choroko au mbaazi.

Lililonitia kalamu mkononi hasa ni safura. Katika miaka ya 1990 wanafunzi wa skuli za Pemba walichunguzwa sana kwa maradhi haya, ikadhihirika kwamba minyoo ya safura ndiyo mojawapo ya sababu kubwa za upungufu wa damu na wa madini ya chuma miongoni mwao. Na tangu mwaka 2000 kisiwa kina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, huko Wawi, Chake Chake, iliyojishughulisha na mambo kama hayo. Vitoto vya minyoo hiyo hupenya ngozi ya mguu wa peku penye udongo wenye unyevu na kivuli, na kivuli cha mikarafuu ni makao yaliyo bora kwavyo. Vikishakua tumboni hujishika katika utumbo vikanyonya damu. Chuma ndicho kinachoshika hewa katika damu, na ni chuma pia kilichomo katika ile njia ya mitokondria, kwa hiyo mwenye safura ameibiwa mara mbili, njiani na chumbani. Huyo ndiye mtoto anayesinzia darasani tukamwita mvivu, na ndiye mchumaji anayehema kwa kupanda kilima kidogo, ambaye mkewe humkorogea uji mzito zaidi na zaidi.

Usimtibu kwa sukari, na usimtibu kwa kwenda dukani kununua vidonge vya chuma ukampa mtoto bila kipimo. Hapa Pemba ulifanywa utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 24,000 walio na umri wa mwezi 1 hadi 35, uliochapishwa mwaka 2006, na sehemu ya kuwapa watoto chuma na asidi foliki ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa wote bila kuchagua, katika nchi yenye malaria nyingi wakati ule, walizidi kulazwa hospitali na kufa kuliko wasiopewa; ilhali waliopimwa wakaonekana kweli wamepungukiwa na chuma, hao walinufaika. Mzee avae viatu shamba na kuwavisha wanawe, watoto wasikose dawa za minyoo zigawiwazo skuli, na chai isinywewe juu ya chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Iwekwe mbali kwa saa moja, na badala yake sahani ya kunde na dagaa ikamuliwe ndimu au ifuatwe na chungwa, tulilojaaliwa kwa wingi kisiwani.

Na mwenye weupe wa ndani ya kope na wa viganja, anayehema bila kazi, au anayetamani kula udongo, apelekwe kituo cha afya akapimwe. Kipimo cha damu ni tone moja la ncha ya kidole. Cha choo hutaka kikopo kisafi chenye kifuniko, nacho kipelekwe asubuhi hiyo hiyo, kisiwekwe juani wala kusubiri gari ya jioni, kwa sababu mayai ya safura yakicheleweshwa katika joto huharibika au huanguliwa, na mpimaji akaambulia kukuandikia kwamba hakuona kitu.